Intaneti Moja, Kompyuta Nyingi: Kutafuta Kasoro kwa Kufuata Dalili

Laini moja ya intaneti inapohudumia kompyuta kadhaa nyumbani, kasoro inaweza kukaa katika sehemu nne tu: upande wa mtoa huduma, ndani ya ruta, kwenye njia iliyo kati ya ruta na kompyuta, au ndani ya kompyuta yenyewe. Muda mwingi wa matengenezo hupotea kwa sababu mtu ameanza kushughulikia sehemu moja kabla ya kuthibitisha kwamba ndiyo yenye tatizo. Anabadilisha nywila ya waifai ilhali faiba imekatwa barabarani, au anagombana na mtoa huduma ilhali kebo imetafunwa na panya nyuma ya kabati. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, jinsi zinavyomfikia mtumiaji, na kila dalili inafuatwa hadi kwenye chanzo chake.

Nyumba inayozungumziwa ni ya kawaida. Kuna kifaa kimoja kinachopokea intaneti, iwe ni kisanduku cha faiba kilichobandikwa ukutani au ruta ya 4G yenye laini ya simu ndani yake. Kuna kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa kebo, laptopu mbili au tatu zinazotumia waifai, na simu za watu wa nyumbani ambazo hakuna anayezihesabu lakini zinapita njia ileile. Amri zilizotajwa ni za Windows, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi kwenye kompyuta za nyumbani.

Kabla ya kuzima ruta

Watu wengi huanza kwa kuzima ruta na kuiwasha tena. Tiba hiyo husaidia mara nyingi, na haina ubaya kama tatizo ni la nadra, lakini ina gharama yake: inafuta ushahidi. Taa zilizokuwa zikionyesha kasoro hubadilika, orodha ya vifaa vilivyounganishwa hufutika, na katika ruta nyingi kumbukumbu za matukio huanza upya. Tatizo likirudi kesho jioni, utakuwa hujui zaidi ya ulivyojua leo.

Jambo la kwanza ni kuuliza nani ameathirika. Ikiwa kompyuta zote na simu zote zimekosa intaneti kwa wakati mmoja, kasoro iko kwenye ruta au nje ya nyumba, na hakuna haja ya kufungua mipangilio ya kompyuta yoyote. Ikiwa ni zile za waifai tu, na ile ya kebo inaendelea kufanya kazi, tazama upande wa waifai. Ikiwa ni kompyuta moja peke yake, iache ruta kama ilivyo.

Baada ya hapo fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, kisha andika ipconfig /all. Katika maelezo mengi yatakayojitokeza, mambo matatu ndiyo ya maana: anwani ya IPv4 ya kompyuta, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, anwani ya ruta inayoandikwa mbele ya maneno Default Gateway, na anwani ya seva ya DNS, yaani ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Andika ping, amri inayokiuliza kifaa kama kinafikika, ukifuatisha anwani ya ruta. Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya DNS ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Kisha ping na jina la tovuti yoyote kubwa. Ruta ikikosa kujibu, kasoro iko kati ya kompyuta na ruta. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 isijibu, kasoro iko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Namba ikijibu lakini jina lisipatikane, kasoro ni ya DNS, na hiyo ni kazi ndogo. Tahadhari moja tu inahitajika hapa: vifaa vingine vimewekwa visijibu ping kabisa, kwa hiyo ukimya wa kifaa kimoja si ushahidi wa kutosha, ila jibu likija ni ushahidi kamili kwamba njia ya kufika hapo iko wazi.

Kompyuta zote zimekosa intaneti

Kwenye faiba, tazama taa. Taa yenye maandishi LOS ikiwaka au kumetameta kwa rangi nyekundu, maana yake mwanga hauingii kwenye kifaa. Kabla ya kumpigia mtoa huduma simu, fuata uzi wa faiba kwa macho kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku, kwa sababu uzi huo ukikunjwa kwa pembe kali nyuma ya meza au ukabanwa na mlango wa kabati, mwanga huvuja njiani hata kama kioo cha ndani hakijavunjika. Usichungulie ncha ya uzi uliochomolewa, kwa kuwa mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru, na usiifute ncha hiyo kwa shati.

Taa ya faiba ikiwa ya kijani na imetulia, lakini hakuna intaneti, uchunguzi unahamia kwenye akaunti. Huduma nyingi za faiba huingia kwa jina na nywila vilivyohifadhiwa ndani ya ruta kwa njia inayoitwa PPPoE. Mtoto, au fundi mwenye haraka, akibonyeza kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo nyuma ya ruta, taarifa hizo zinaweza kufutika zote. Waifai itaendelea kuonekana, pengine kwa jina lake la kiwandani lililobandikwa chini ya ruta, ila intaneti haitakuwapo. Jina la waifai kubadilika ghafla ni dalili inayotosha kabisa ya jambo hilo.

Kwenye ruta ya 4G, anza na bando. Kifurushi kikiisha, ruta haitoi taarifa yoyote kwenye kompyuta. Kurasa zinakataa tu kufunguka, au zinaelekezwa kwenye ukurasa wa kununua kifurushi kipya. Ujumbe wa kuisha kwa kifurushi hutumwa kwa SMS kwenye laini iliyo ndani ya ruta, mahali ambapo hakuna anayesoma, kwa hiyo inafaa kuingia kwenye ukurasa wa ruta, unaofunguka ukiandika anwani ya ruta kwenye kivinjari, na kufungua sehemu ya ujumbe. Hapo hapo tazama nguvu ya mawimbi, ambayo ruta nyingi huionyesha kwa jina RSRP. Kipimo hiki ni cha namba hasi: karibu na -80 dBm ni kizuri, na kikishuka chini ya -110 dBm utapata mawasiliano ya kusuasua hata kama mnara hauna watu wengi. Kuhamisha ruta kutoka sebuleni hadi dirisha linaloelekea mnara kunaweza kubadilisha namba hiyo kwa kiasi ambacho ruta ya bei ghali isingeweza.

Kuna pia wakati ambapo nyumba yako haina kosa lolote, wala mtaa wako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa bara, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Dalili ya hitilafu ya namna hiyo ni kwamba ping ya ruta ni safi, baadhi ya huduma ambazo nakala zake zimehifadhiwa ndani ya nchi zinafunguka, na nyingine zinachelewa kupita kiasi au hazifiki kabisa. Muulize jirani anayetumia mtoa huduma mwingine. Akiwa na tatizo lilelile, acha mipangilio yako ilivyo.

Kompyuta moja tu haifanyi kazi

Tazama anwani yake. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Kwa kawaida ruta hugawa anwani kwa huduma inayoandikwa DHCP, na anwani hizo huwa za ndani tu, zinazoanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, kwa nje nyumba nzima huonekana kwa anwani moja, kama sanduku moja la posta linavyohudumia familia nzima. Kompyuta yenye 169.254 haimo kwenye mgawo huo, kwa hiyo kuhangaika na kivinjari chake ni kupoteza muda.

Sababu zake ni chache. Kebo inaweza kuwa imelegea au imekatika ndani, na hilo hupimwa kwa kuhamishia kebo hiyo kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Kwenye waifai, chomoa laptopu kwenye mtandao huo kwa kuagiza isahau jina lake, kisha uingize nywila upya, kwa kuwa nywila ya zamani iliyohifadhiwa mara nyingine huzuia maunganisho bila kutoa maelezo ya kueleweka. Sababu ya tatu husahaulika: anwani za kugawa zimekwisha. Ruta ndogo za mfukoni hupokea vifaa vichache, kumi hivi kwa nyingi kati yake, na nyumba yenye laptopu tatu, simu tano, runinga janja na kamera ya getini inafikia kikomo hicho bila mtu kutambua. Dalili yake ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa kifaa kinachokosa si kilekile kila siku. Kinachofika mwisho ndicho kinachobaki nje. Zima waifai ya simu mbili, kisha ujaribu tena kwa ipconfig /renew.

Kompyuta ikiwa na anwani ya kawaida lakini bado haifiki nje, linganisha anwani yake na ya kompyuta iliyo nzima. Laptopu iliyotoka ofisini huja na anwani iliyoandikwa kwa mkono, na ofisi iliyotumia mpangilio wa 10.0.5 haitaelewana na ruta ya nyumbani ya 192.168.1. Rudisha mpangilio kuwa wa kupokea anwani yenyewe. Laptopu hizohizo za ofisini huja pia na seva ya proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo kivinjari hupitishia maombi yake, iliyoandikwa kwenye mipangilio. Hapo ping zote hujibu vizuri, jina na namba, lakini kivinjari hakifungui kitu. Programu ya VPN, ile inayopitisha mawasiliano kwenye njia ya siri hadi seva ya mbali, iliyokatika bila kuzimwa ipasavyo huacha hali inayofanana na hiyo.

Kisha kuna saa. Kompyuta ya mezani ya miaka mingi, ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, hurudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika. Tovuti zenye usalama zinatumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2015 itavikataa karibu vyote, ikitoa onyo kwamba muunganisho si salama. Watu wamebadilisha ruta kwa sababu ya betri ya bei ya soda.

Leo inafanya kazi hii, kesho ile: ruta mbili katika nyumba moja

Hali hii inastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Mwenye nyumba ameona waifai haifiki chumba cha nyuma, amenunua ruta ya pili, ameiunganisha na ya kwanza kwa kebo, na kwa siku mbili mambo yakaenda vizuri. Kisha kompyuta moja ikakosa intaneti, ikarudi baada ya kuzimwa, ikakosa nyingine.

Ikiwa kebo imechomekwa kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN la ruta ya pili, kuna huduma mbili za DHCP kwenye mtandao mmoja. Kompyuta inapowaka inauliza anwani kwa sauti, na inamfuata anayejibu kwanza. Ikijibiwa na ruta ya kwanza, inaelekezwa kwenye intaneti. Ikijibiwa na ya pili, inaelekezwa kwenye ruta ambayo haina njia ya kutoka nje. Ndiyo maana tatizo halina mpangilio na kuzima na kuwasha huonekana kama kunatibu. Uthibitisho ni rahisi: endesha ipconfig kwenye kompyuta iliyo nzima na iliyo mbovu, kisha ulinganishe mstari wa Default Gateway. Zikitofautiana, umepata chanzo. Ruta mbili za kampuni moja, zote zikiwa na anwani ya kiwandani 192.168.1.1, huleta hali mbaya zaidi, kwa kuwa mstari huo utafanana ilhali kinachojibu ni kifaa tofauti. Hapo andika arp -a na utazame namba ndefu ya kifaa iliyo mbele ya anwani ya ruta kwenye kila kompyuta.

Tiba ninayoipendelea ni kuiacha ruta moja tu iwe na mamlaka. Unganisha kompyuta kwa kebo kwenye ruta ya pili peke yake, ingia kwenye ukurasa wake, ipe anwani isiyogongana na chochote, kwa mfano 192.168.1.2, hakikisha anwani hiyo iko nje ya fungu ambalo ruta ya kwanza inagawa, zima DHCP yake, kisha ndipo uiunganishe LAN kwa LAN. Ruta nyingi za sasa zina kitufe cha kufanya haya yote kwa mara moja kwenye mipangilio, kinachoitwa Access Point.

Ikiwa badala yake kebo imeingia kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) la ruta ya pili, hakutakuwa na mgongano wa DHCP, ila nyumba itakuwa imegawanyika mara mbili. Kompyuta za nyuma ya ruta ya pili zitapata intaneti, lakini zile za mbele hazitaweza kuzifikia, na printa iliyo upande mmoja haitaonekana upande mwingine. Hali hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni pale pande zote mbili zinapotumia fungu lilelile la 192.168.1, kwa kuwa ruta ya pili haiwezi kujua kama anwani fulani iko ndani au nje. Badilisha fungu la ndani kuwa 192.168.50 na mambo yatakaa sawa.

Kosa moja la kebo linafanana na haya kwa sura lakini ni kali zaidi. Mtu anafagia, anakuta kebo imelala chini, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi, kile kisanduku kinachogawa kebo moja ya mtandao kwa vifaa vingi, bila kujua kwamba ncha ya pili iko kwenye swichi hiyohiyo. Ujumbe huanza kuzunguka bila kikomo, taa zote za swichi humetameta kwa kasi moja, na nyumba nzima hukatika ndani ya sekunde chache. Chomoa kebo moja moja hadi taa zitulie.

Intaneti ipo, lakini inakuwa nzito mtu mmoja akianza kazi

Kabla ya kutafuta mchawi, fanya hesabu. Kasi inauzwa kwa megabiti, mafaili yanapimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha 20 Mbps kwa hiyo ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa nyumba nzima. Faili la gigabaiti 4 litachukua dakika kama 27 hata kama hakuna mwingine anayetumia, na watu watatu wakipakua kwa pamoja kila mmoja atapata sehemu yake tu. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kikomo cha matumizi ya haki, na baada ya kiasi fulani kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Ukiona intaneti ni nzuri kuanzia tarehe mosi na mbaya kuanzia ishirini, soma masharti.

Lakini kuna uzito usioelezwa na hesabu hiyo. Mtu anapakia video au picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, na papo hapo kikao cha Zoom cha mwenzake kinakwama, hata kurasa nyepesi zinachukua nusu dakika, ingawa hakuna anayepakua kitu. Laini nyingi, hasa za 4G, zina njia ya kupakia iliyo nyembamba kuliko ya kupakua. Njia hiyo inapojaa, ruta haitupi ujumbe uliozidi bali inaupanga kwenye foleni ndefu, na kila ombi dogo la kompyuta nyingine, hata lile la kuomba ukurasa, linasimama nyuma ya video nzima. Ipime hivi: andika ping -t 8.8.8.8 na uiache ikiendelea, uone muda wa kawaida, tuseme milisekunde 30 au 60. Kisha anza kupakia faili kubwa. Muda ukipanda hadi mamia ya milisekunde au zaidi ya elfu, kisha ukashuka mara tu upakiaji unaposimama, chanzo ni foleni hiyo, na kununua kifurushi chenye kasi kubwa ya kupakua hakutasaidia.

Tiba ni kuiambia ruta isiruhusu njia ijae. Kwenye sehemu ya QoS, yaani ya kupanga nani apewe kipaumbele, weka kikomo cha kupakia kiwe kama asilimia 85 au 90 ya kasi halisi uliyoipima, wala si ile iliyotangazwa. Ruta zinazoendesha OpenWrt, mfumo huru wa kuendeshea ruta, zina njia bora zaidi, SQM pamoja na utaratibu unaoitwa CAKE, unaozipangia kompyuta zamu kwa haki. Ruta iliyotolewa bure na mtoa huduma mara nyingi haina hata kimoja, na hapo unabaki kuweka kikomo ndani ya programu yenyewe inayopakia. OneDrive na Google Drive zote zina sehemu hiyo kwenye mipangilio yake.

Windows nayo ina tabia ya kupakua masasisho kwenye kila kompyuta peke yake. Tafuta mpangilio wa Delivery Optimization, uruhusu kompyuta zichukue masasisho kutoka kwa zilizo kwenye mtandao wa nyumbani pekee; kompyuta moja ikishapakua, nyingine zinaweza kuchota kwake bila kugusa bando. Ukichagua na zile zilizo nje kwenye intaneti, kompyuta yako inaweza kuwa inawapakia wageni masasisho kwa gharama yako.

Ya kebo ni nzuri, ya waifai ni mbaya

Waifai nyingi za nyumbani hutumia masafa ya 2.4 GHz au 5 GHz. Ya kwanza hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina msongamano. Ya pili ina kasi, ila huchoka mapema ikikutana na zege. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Mombasa, ambazo kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa, 5 GHz mara nyingi haivuki chumba kimoja, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo. Kinachohitajika ni kebo hadi chumba cha pili na kituo kingine cha waifai huko.

Katika jengo la ghorofa, majirani wote wako kwenye 2.4 GHz. Chaneli 1, 6 na 11 pekee ndizo zisizoingiliana, kwa hiyo kuchagua chaneli 3 kwa kudhani ni tupu kunakufanya uwasumbue wa pande zote mbili na wao wakusumbue. Mikrowevu hutumia masafa hayohayo. Intaneti inayokatika wakati wa kupasha chakula haina fumbo lolote. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba laptopu iliyo mbali hupunguza kasi ya zile zilizo karibu pia, kwa sababu vifaa vyote hupeana zamu ya hewa moja, na kinachoongea polepole hukaa na zamu yake muda mrefu. Kuisogeza laptopu hiyo moja, au kuiwekea kebo, kunawanufaisha wote.

Kebo nayo isiaminiwe kwa kuwa ni kebo tu. Kebo nzuri ya Cat5e hubeba 1000 Mbps hadi mita 100, lakini inahitaji nyuzi zake zote nane. Uzi mmoja usipogusa kwenye kichwa kilichobanwa vibaya, kompyuta inaweza kushuka kimyakimya hadi 100 Mbps na kuendelea kufanya kazi. Tazama kasi ya muunganisho kwenye hali ya kadi ya mtandao. Ukiona 100 Mbps, bana kichwa upya au ubadilishe kebo.

Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinakwama

Kama majina hayapatikani, badilisha seva ya DNS kwenye ruta iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8, kisha uandike ipconfig /flushdns kwenye kompyuta. Kama majina yanapatikana lakini kurasa fulani zinaanza kufunguka na kubaki nyeupe, shuku ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data husafirishwa navyo. Mtandao wa kawaida hubeba pakiti za baiti 1500, lakini PPPoE hula baiti 8 na kubakiza 1492. Andika ping -f -l 1472 1.1.1.1, ikija na ujumbe kwamba pakiti inahitaji kukatwa, punguza hadi 1464, ambayo pamoja na baiti 28 za vichwa inafika 1492 kamili. Ikipita, weka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 1492 kwenye ruta.

Hakuna ruta, kompyuta moja ndiyo inayozigawia nyingine

Bado ziko nyumba ambazo simu inaunganishwa kwa USB kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo inazihudumia nyingine kwa kebo au kwa hotspoti yake. Mpangilio huu hufanya kazi, ila una kasoro zake. Kosa la kwanza ni kuwasha ugawaji kwenye muunganisho usio sahihi: alama kwenye ukurasa wa Sharing inawekwa kwenye muunganisho unaoleta intaneti, si ule unaoelekea kwa kompyuta nyingine. Ukikaa sawa, kompyuta mama itakuwa na anwani 192.168.137.1 upande wa ndani, na nyingine zitapata anwani za fungu hilo. Zikikosa, ondoa alama, thibitisha, kisha uirudishe.

Kosa la pili ni usingizi. Kompyuta mama ikilala, wote wanakatika. Kwenye mipangilio ya nishati iagize isilale ikiwa kwenye umeme. La tatu ni kwamba ugawaji unaweza kusimama baada ya kompyuta mama kuzimwa na kuwashwa, ingawa alama bado inaonekana. Hiyo ni tabia inayojulikana ya Windows. Huduma inayoitwa Internet Connection Sharing inapaswa kuwekwa ianze yenyewe, na kama haitoshi, Microsoft imetoa kiingizo cha rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows) kinachoitwa EnableRebootPersistConnection kwa kazi hiyo. Hotspoti ya Windows, kwa upande wake, haipokei zaidi ya vifaa vinane.

Intaneti ni nzuri, ila kompyuta hazionani

Mara nyingi moja iko kwenye waifai ya wageni, ambayo imewekwa makusudi isiruhusu vifaa kuonana, au Windows imeutaja mtandao wa nyumbani kuwa wa hadharani na hivyo kufunga milango yake. Ubadilishe uwe wa faragha. Usifanye hivyo kwenye mtandao wa hoteli.

Inakatika na kurudi bila kuguswa

Anza na umeme. Adapta ya ruta iliyokufa hubadilishwa kwa yoyote inayoingia tunduni, na adapta ya volti 9 kwenye ruta ya volti 12, au yenye ampea pungufu, itaiwasha ruta vizuri na kuizimisha pale tu kazi inapozidi. Soma maandishi ya chini ya ruta. Ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la runinga hupata joto na kukwama mchana, ikapona usiku. Kama umeme hupepesa, betri ndogo ya akiba ya volti 12 inaiepusha ruta na kuanza upya kila mara, na kuanza upya huko kwenye faiba kunaweza kuchukua dakika kadhaa.

Kama hayo yote ni safi, acha ping mbili zikiendelea kwenye madirisha mawili, moja ya ruta na moja ya 8.8.8.8, na uandike saa ya kila katizo. Zikikatika zote mbili, ni nyumba yako. Ikikatika ya nje peke yake, una ushahidi wa kumpa mtoa huduma: saa, muda wa katizo, rangi ya taa wakati huo, na kwamba ilitokea kwenye kompyuta ya kebo, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni kama unatumia waifai.

Kubonyeza kitufe cha kurudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kabla yake piga picha za kurasa za mipangilio: jina la PPPoE, namba ya VLAN (inayotenganisha huduma kwenye laini moja) kama ipo, fungu la anwani, na jina la waifai. Nywila ya PPPoE mara nyingi haionekani kwenye ukurasa, kwa hiyo hakikisha umeipata kwa mtoa huduma, ikiwezekana kwa SMS, kidole kikiwa bado hakijagusa kitufe.